Kukadiria Kujirudia kwa Mpapatiko wa Atria kwa Ultrasaundi ya Moyo: Kipimo, Maana na Lugha Yake

1.0 Utangulizi

Mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa ukienda bila mpangilio, kisha ukarejeshwa katika mdundo wa kawaida kwa dawa, kwa mshtuko wa umeme au kwa katheta, aghalabu huuliza swali moja kabla ya kuondoka hospitalini: je, hali hii itarudi? Swali ni fupi, lakini jibu lake si jepesi. Daktari hulitafuta katika umri wa mgonjwa, katika muda ambao ugonjwa umedumu, katika maradhi mengine aliyo nayo, na katika picha ya moyo iliyopatikana kwa mawimbi ya sauti. Picha hiyo ndiyo inayoshughulikiwa hapa.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi ultrasaundi ya moyo inavyotumiwa kupima uwezekano wa kujirudia kwa aina moja ya mdundo usio na mpangilio, yaani mpapatiko wa atria, ambao ndio ulioenea zaidi miongoni mwa watu wazima ulimwenguni. Pili, yanachunguza namna matokeo ya kipimo hicho yanavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kupotoshwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kipimo hiki hakioni wakati ujao. Kinachoonekana ni athari ambazo wakati uliopita umeziacha katika ukuta wa atria ya kushoto, na kutokana na athari hizo hukadiriwa uwezekano. Tofauti baina ya kukadiria na kutabiri ni ya kitabibu na ya kilugha kwa pamoja, na ikipotea, anayedhurika ni mgonjwa.

2.0 Mdundo na mpapatiko

Moyo wa binadamu una vyumba vinne: atria mbili za juu, ambazo hupokea damu, na ventrikali mbili za chini, ambazo huisukuma. Atria ya kushoto hupokea damu kutoka mapafuni kwa njia ya vena za mapafu, kwa kawaida nne, kisha huipitisha katika vali ya mitrali hadi kwenye ventrikali ya kushoto. Umeme unaoongoza kazi hiyo huanzia katika kifundo kidogo cha seli kilichoko katika atria ya kulia. Kutoka hapo husambaa katika atria zote mbili, hupita katika njia nyembamba baina ya vyumba vya juu na vya chini, kisha huifikia misuli ya ventrikali. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na kila pigo la ventrikali hutanguliwa na kusinyaa kwa atria.

Katika mpapatiko wa atria mpangilio huo huvurugika. Badala ya wimbi moja la umeme kupita kwa utaratibu, mawimbi mengi huzunguka katika atria kwa wakati mmoja, yakichochea misuli yake kati ya mara 350 na 600 kwa dakika. Atria haziwezi kusinyaa kwa kasi hiyo, hutetemeka tu. Ile njia nyembamba huzuia sehemu kubwa ya michocheo, na ile inayopenya huifikia ventrikali bila mpangilio. Ndiyo maana mapigo yanayohisiwa kwenye kiwiko cha mkono huwa hayalingani kwa muda wala kwa nguvu. Neno mpapatiko limechaguliwa hapa kwa sababu kitenzi papatika hutumika kwa ndege aliyenaswa au kuku aliyechinjwa: mwendo ni mwingi na wa haraka, lakini hauzai kazi.

Hali hii ilitambuliwa kwa uhakika baada ya Willem Einthoven wa Uholanzi kubuni chombo cha kurekodi umeme wa moyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London, na pia watafiti Rothberger na Winterberg wa Vienna, walionyesha kwamba mapigo yasiyo na mpangilio yaliyokuwa yakijulikana kwa madaktari yalitokana na mpapatiko wa atria.

Mpapatiko huainishwa kwa muda wake. Upo ule wa vipindi, ambao hukoma katika muda usiozidi siku 7. Upo ule unaoendelea, ambao hupita muda huo na aghalabu hukomeshwa kwa tiba. Upo ulioendelea kwa zaidi ya miezi 12, na upo wa kudumu, ambao daktari na mgonjwa wamekubaliana kutojaribu tena kuurejesha mdundo wa kawaida. Uainishaji huu una uzito katika suala la kujirudia, kwa sababu kadiri mpapatiko unavyodumu ndivyo unavyozidi kuwa mgumu kuondoka. Mwaka 1995 watafiti wa Maastricht, wakiongozwa na Maurits Allessie, walionyesha jambo hilo kwa mbuzi: kila walipouanzisha upya mpapatiko kwa umeme, ulidumu kwa muda mrefu zaidi kuliko hapo awali. Mpapatiko, kwa maneno mengine, huizoesha atria kupapatika.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walitoa ugunduzi wa pili wenye uzito. Waliwachunguza wagonjwa 45 wenye mpapatiko wa vipindi, na wakagundua kwamba asilimia 94 ya sehemu zilizochochea mpapatiko zilikuwa ndani ya vena za mapafu. Kutokana na ugunduzi huo ilienea tiba ya kuunguza tishu kuzunguka midomo ya vena hizo kwa katheta, ili umeme unaozuka humo usiingie katika atria. Tiba hiyo huwasaidia wengi, lakini si wote. Mambo mawili basi huamua kama mpapatiko utajirudia: kichocheo kinachouanzisha, na hali ya ukuta wa atria unaoupokea. Ultrasaundi haikioni kichocheo. Inachokiona ni ukuta.

3.0 Chombo na historia yake

Ultrasaundi ya moyo, ambayo kitaalamu huitwa ekokadiografia na katika mazungumzo ya hospitalini huitwa eko, inategemea jambo linalofahamika kwa kila aliyewahi kupiga kelele mbele ya jabali: mwangwi. Kifaa kinachowekwa kifuani hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Sikio huishia kwenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, ilhali mawimbi yanayotumiwa kwa moyo wa mtu mzima huwa na mitetemo ya mamilioni kadhaa kwa sekunde. Mawimbi hayo husafiri katika tishu kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila yanapokuta mpaka wa tishu mbili tofauti, sehemu yake hurudi. Mwangwi unaotoka kina cha sentimita 15 hurudi katika muda wa takriban sehemu 2 za elfu kumi za sekunde. Mashine hupima muda huo, hukokotoa umbali, na kuchora picha.

Waasisi wa mbinu hii ni daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz wa Lund, nchini Sweden. Mwaka 1953 walirekodi kwa mara ya kwanza mwendo wa kuta za moyo kwa kifaa ambacho asili yake ilikuwa viwandani, kikitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Haja iliyomsukuma Edler inafaa kukumbukwa: alitaka kujua hali ya vali ya mitrali kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Yaani chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya vali ileile ambayo hadi leo huharibiwa na homa ya rumatiki katika sehemu nyingi za Afrika.

Baadaye kiliongezwa kipimo cha kasi ya damu, kwa kutumia kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842: sauti inayorudishwa na kitu kinachokaribia hupanda, na ile inayorudishwa na kitu kinachokwenda mbali hushuka. Ikaongezwa pia njia ya kuingiza kifaa katika umio, ambao hupita nyuma tu ya atria ya kushoto, ili atria hiyo ionekane kwa ukaribu usiopatikana kifuani.

4.0 Kinachopimwa

4.1 Ukubwa wa atria ya kushoto

Kipimo cha kwanza na cha kale zaidi ni ukubwa. Atria iliyobeba shinikizo kwa miaka mingi, ama kwa sababu ya shinikizo la damu, ama vali iliyoharibika, ama ventrikali iliyokakamaa, hutanuka. Ukuta uliotanuka huwa na nafasi kubwa zaidi ya mawimbi ya umeme kuzunguka, na seli zake huanza kutenganishwa na tishu za kovu. Mwaka 1976 Walter Henry na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mpapatiko ulikuwa nadra kwa wagonjwa wenye atria ya kipenyo kisichofika milimita 40, na ulikuwa wa kawaida kwa wale waliopita kipimo hicho. Walieleza pia kwamba kipenyo kikizidi milimita 45, mshtuko wa umeme unaweza kuurejesha mdundo, lakini yamkini mdundo huo usidumu zaidi ya miezi 6.

Kipenyo, hata hivyo, ni kipimo chenye upungufu. Atria imebanwa baina ya mfupa wa kifua na uti wa mgongo. Ikikua, hupata nafasi zaidi ya kwenda juu na pembeni kuliko mbele na nyuma. Mpimaji anayetegemea mstari mmoja anaweza kuiona atria kubwa kuwa ya wastani. Kwa hiyo siku hizi hupimwa ujazo, nao hugawanywa kwa eneo la uso wa mwili ili mtu mwenye umbo kubwa asionekane mgonjwa kwa sababu ya umbo lake. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2015 iliweka kikomo cha kawaida kuwa mililita 34 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha awali, cha mwaka 2005, kilikuwa mililita 28. Mtu aliyekuwa na mililita 31 alikuwa na atria iliyotanuka kabla ya mabadiliko hayo na atria ya kawaida baada yake, bila moyo wake kubadilika. Kikomo, basi, ni makubaliano ya wataalamu, na wataalamu huweza kuyarekebisha.

4.2 Kunyumbuka kwa ukuta

Kipimo cha pili ni kunyumbuka. Atria yenye afya hufanya kazi tatu kwa zamu: huwa ghala la damu wakati ventrikali inasinyaa na vali imefungwa, huwa mfereji wakati vali inapofunguka, na huwa pampu inaposinyaa yenyewe kuijaza ventrikali. Mashine za kisasa hufuatilia vijidoa vya picha ya ukuta kutoka fremu hadi fremu na kukokotoa ni kwa kiasi gani ukuta umevutika ulipokuwa ghala. Kwa watu wenye afya wastani wake ni takriban asilimia 39. Ukuta wenye makovu mengi hauvutiki hivyo, na imeonekana kwamba kiwango hiki hushuka pale ambapo picha za sumaku huonyesha makovu.

Thamani ya kipimo hiki ni kwamba kunyumbuka kunaweza kupungua kabla ujazo haujaongezeka. Atria mbili zenye ukubwa uleule zinaweza kuwa na kuta za hali tofauti, moja laini na nyingine ngumu, na uwezekano wa mpapatiko kujirudia usiwe sawa.

4.3 Kasi ya damu katika kijifuko cha atria

Ukutani mwa atria ya kushoto kuna kijifuko chembamba, chenye umbo linalotofautiana kati ya mtu na mtu. Humo ndimo damu hutuama wakati wa mpapatiko, na humo ndimo hutokea sehemu kubwa ya mabonge ya damu yanayosafiri hadi ubongoni na kusababisha kiharusi. Kifaa kilichoingizwa katika umio hupima kasi ya damu inayotoka humo. Kasi iliyo chini ya sentimita 20 kwa sekunde huhusishwa na mabonge. Kinyume chake, baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa wenye kasi inayozidi sentimita 40 kwa sekunde kabla ya mshtuko wa umeme walielekea zaidi kubaki katika mdundo wa kawaida mwaka mmoja baadaye. Damu inapokwenda polepole sana huonekana katika picha kama moshi unaozunguka, na wapimaji huuita hivyo hivyo, moshi.

4.4 Ventrikali na vali

Atria haiishi peke yake. Ventrikali iliyokakamaa huirudishia shinikizo, na vali ya mitrali iliyosinyaa huizuilia njia. Kwa hiyo mpimaji hulinganisha kasi ya damu inayoingia katika ventrikali na kasi ya ukuta wenyewe unapolegea. Uwiano ukiwa mkubwa, ni dalili kwamba shinikizo ndani ya atria liko juu. Mdundo uliorejeshwa katika atria inayoendelea kusukumwa namna hiyo umerejeshwa mahali palepale palipouharibu.

5.0 Kutoka kipimo hadi makadirio

Hadi hapa imeelezwa namna ya kupima. Ugumu huanza pale kipimo kinapotakiwa kujibu swali la mgonjwa. Katika takriban kila utafiti wa jambo hili, wastani wa ujazo wa atria kwa wale ambao mpapatiko wao ulijirudia huwa mkubwa kuliko wa wale ambao haukujirudia. Lakini makundi hayo mawili huingiliana. Wapo wenye atria kubwa waliobaki salama, na wapo wenye atria ndogo ambao mpapatiko wao ulijirudia.

Ichukuliwe kwa mfano wa kubuni kwamba kipimo fulani huwagundua watu 70 katika kila 100 ambao mpapatiko wao utajirudia, na huwashuku kimakosa watu 30 katika kila 100 ambao hautajirudia kwao. Kundi la kwanza lina wagonjwa 100 wenye mpapatiko unaoendelea, na 60 kati yao watapatwa tena. Kipimo kitawashuku 54: 42 kwa haki na 12 kwa makosa. Aliyeshukiwa katika kundi hili ana uwezekano wa asilimia 78. Kundi la pili lina wagonjwa 100 wenye mpapatiko mfupi wa vipindi, na 20 tu watapatwa tena. Kipimo kilekile kitawashuku 38: 14 kwa haki na 24 kwa makosa. Aliyeshukiwa hapa ana uwezekano wa asilimia 37 tu.

Jambo la kuzingatia zaidi liko kwa wale wasioshukiwa. Katika kundi la kwanza wamebaki 46, na 18 kati yao watapatwa tena, yaani asilimia 39. Mtu ambaye picha yake ni nzuri katika kundi la kwanza ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko mtu ambaye picha yake ni mbaya katika kundi la pili. Kwa hiyo picha haiwezi kusomwa peke yake. Ni sharti isomwe pamoja na historia ya mwenyewe.

Ndiyo sababu wataalamu huunganisha vigezo kadhaa. Mizani moja iliyopendekezwa mwaka 2015 kwa wagonjwa wa katheta hutoa alama moja kwa kila kimoja kati ya vigezo vitano: umri unaozidi miaka 65, mpapatiko unaoendelea, upungufu wa kazi ya figo, kipenyo cha atria cha milimita 43 au zaidi, na udhaifu wa ventrikali ya kushoto. Viwili kati ya hivyo vitano, cha nne na cha tano, husomwa katika picha ya ultrasaundi.

Lipo pia suala la nini hasa kinahesabiwa kuwa kujirudia. Katika tafiti za katheta, mpapatiko uliorekodiwa kwa sekunde 30 au zaidi, baada ya kupita majuma ya awali ya uponaji, huhesabiwa kuwa umejirudia. Mgonjwa aliyerekodiwa kwa siku moja kila baada ya miezi kadhaa ataonekana mzima kuliko aliyevaa kifaa kinachorekodi usiku na mchana, hata kama mioyo yao inafanana. Aidha, kipimo chenyewe hubadilika kulingana na wakati wa kupimwa: wakati wa mpapatiko kila pigo lina urefu wake, hivyo mpimaji mwangalifu huchukua wastani wa mapigo 5 au zaidi.

6.0 Mgonjwa wa Afrika Mashariki

Vikomo vilivyotajwa vimetokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambako mwenye mpapatiko aghalabu ni mtu wa makamo au mzee mwenye shinikizo la damu. Katika Afrika Mashariki yupo mgonjwa huyo pia, na idadi yake inaongezeka. Lakini yupo na mwingine: kijana ambaye utotoni aliugua koo kwa bakteria, akapatwa na homa ya rumatiki, na vali yake ya mitrali ikabaki na makovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki kutoka nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen, ulikuta kwamba nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa na mpapatiko wa atria.

Atria ya mgonjwa huyo hutanuka kwa sababu mlango wake umesinyaa. Kikomo kilichopatikana kwa wazee wa Ulaya hakiwezi kuhamishiwa kwake kama kilivyo. Kwake picha ya kwanza yenye maana ni ya vali: imesinyaa kiasi gani, na je, inaweza kupanuliwa? Pasipo kulishughulikia hilo, kuurejesha mdundo ni kazi isiyo na tumaini kubwa.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kudhani kwamba mdundo uliorudi ni ugonjwa ulioisha. Mpapatiko unaweza kujirudia bila mgonjwa kuhisi lolote. Tena, baada ya mshtuko wa umeme, atria huweza kuwa na umeme wa kawaida ilhali misuli yake bado imezubaa kwa siku au majuma. Ndiyo maana dawa za kuzuia damu kuganda huendelea kwa angalau majuma 4, na kwa wengi huendelea maisha yote. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 4,060, ulionyesha kwamba viharusi vingi viliwapata wale walioacha dawa hizo au waliokuwa na kiwango kisichotosha, wakiwemo waliokuwa wakitibiwa ili kuudumisha mdundo wa kawaida. Kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mpapatiko, utafiti wa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba dawa za kale za jamii ya wafarini zinawalinda zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Picha nzuri ya atria haimpi mgonjwa ruhusa ya kuzitupa.

7.0 Lugha ya makadirio

Hapa ndipo suala la kitabibu linapokuwa suala la mwanaisimu. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kusema habari za jambo ambalo halijatokea, na havina uzito mmoja. Kuagua na kupiga ramli ni kazi ya mganga. Humfunulia mtu jambo lililofichika, na mwulizaji hatazamiwi kudai ushahidi. Kubashiri, ambako kuna asili moja na neno bishara, kulianza kama kuleta habari njema, na leo hutumika hata kwa matokeo ya mpira. Kutabiri, kwa asili yake ya Kiarabu, kunahusiana na kufasiri ndoto, na kumebeba sauti ya manabii, ingawa idara za hali ya hewa zimekuzoeza kuhusu mvua. Kukadiria ni kupima kwa hesabu pale ambapo hesabu kamili haipatikani. Ndiyo lugha ya fundi anayekisia mifuko ya saruji na ya serikali inapowasilisha makadirio ya mapato na matumizi bungeni.

Kinachofanywa kwa ultrasaundi ni kukadiria. Mgonjwa akiambiwa kwamba kipimo kimetabiri kurudi kwa ugonjwa wake, anaweza kupokea jambo hilo kama hukumu na kuacha kujitunza. Akiambiwa kwamba kimetabiri usalama, anaweza kuacha dawa. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu inaeleza uhusiano huu kwa usahihi unaostahili kuigwa: wingu ni dalili, si mvua yenyewe, na kila mkulima ameona mawingu yaliyopita bila kunyesha.

Mambo mengine matatu yanastahili kuzingatiwa na wanaotayarisha istilahi na wanaofasiri hospitalini. La kwanza ni kiambishi cha wakati ujao. Sentensi "mpapatiko utajirudia" haiachi nafasi ya shaka. "Huenda ukajirudia" inaiacha, lakini haisemi nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani. Kauli iliyo bora hutaja kundi: "kati ya watu 10 wenye hali kama yako, takriban 4 hupatwa tena katika mwaka mmoja." Idadi ya watu hueleweka kwa wepesi kuliko asilimia, na neno "kama yako" linakumbusha kwamba makadirio yametokana na wengine.

La pili ni kitenzi kupona. Katika matumizi ya kawaida aliyepona ameachana na ugonjwa. Aliyerejeshewa mdundo hajapona kwa maana hiyo. Amepata nafuu, na moyo wake umerudi katika mpangilio. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama kidonge cha jioni kitamezwa. La tatu ni neno hatari, ambalo hutumika ovyo mahali pa uwezekano. Uwezekano wa kujirudia ni jambo moja, na hatari ya kiharusi ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na uwezekano mdogo wa la kwanza na bado akahitaji kinga dhidi ya la pili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ultrasaundi ya moyo husoma katika atria ya kushoto historia ya shinikizo, makovu na udhaifu, na kwamba historia hiyo husaidia kukadiria iwapo mpapatiko utajirudia. Imeonyeshwa pia kwamba kipimo kilekile hubadilika maana kutoka kundi hadi kundi, na kwamba vikomo vilivyowekwa ugenini vinahitaji kuchunguzwa upya kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, hasa wenye vali zilizoharibiwa na rumatiki.

Umuhimu wa kushikilia neno makadirio hauishii katika usahihi wa istilahi. Makadirio yanaweza kubadilishwa kwa vitendo. Utafiti wa Adelaide, nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wanene waliopunguza uzito kwa asilimia 10 au zaidi, na kudumu hivyo, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki bila mpapatiko. Utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, wa mwaka 2020, uliwafuatilia wanywaji pombe 140: mpapatiko ulijirudia kwa asilimia 53 ya wale walioelekezwa kuacha pombe na kwa asilimia 73 ya wale walioendelea kunywa. Wagonjwa hao walikuwa na historia ya ugonjwa ndani ya mioyo yao, kama wengine wote, na bado mwenendo wao ulileta tofauti.

Makadirio na kadari ni maneno yenye shina moja la Kiarabu. Kadari ni kipimo ambacho binadamu hawezi kukirekebisha. Makadirio ni kipimo chake mwenyewe, na kazi ya daktari, ya mfasiri na ya mwanaistilahi ni kuhakikisha kwamba mgonjwa anaporudi nyumbani na karatasi ya eko mkononi, hajachanganyiwa haya mawili.